Nini hasa kinaathiri afya ya akili? Natakiwa kuwaeleza wakulima wa tumbaku, Urambo

MwanaUrambo

Wakuu, mwangaluka. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wilaya ya Urambo. Chama chetu cha msingi cha tumbaku kimenipa dakika 40 kabla ya mkutano wa wanachama niongelee afya ya akili. Watakuwepo wakulima, wake zao, vijana wa vibarua, na wazee ambao neno lao kijijini lina uzito kuliko la zahanati.

Ugumu uko hapa: kijijini watu wamegawanywa mafungu mawili, mzima na chizi. Anayeokota makopo sokoni ndiye mgonjwa, wengine wote wazima. Mama aliyeacha kuoga na kupika tangu ajifungue anaitwa mvivu. Baba anayeanza kunywa saa mbili asubuhi anaitwa mlevi, basi. Na sababu zinazotajwa ni zile zile: karogwa, kavuta bangi, au mawazo ya madeni.

Wanaoijua kazi hii naomba mnisaidie. Nielezeje kwamba akili ina afya yake hata kwa mtu asiye chizi? Vitu gani vinaiathiri, vile vyenye uhakika? Na mtu afike kiwango gani ndipo tuseme huyu aende hospitali? Maneno ya mabango ninayo ya kutosha. Nataka mkulima akitoka pale ajue la kufanya.

---

NesiAkili_TBR

Ndugu MwanaUrambo, usianze na majina ya magonjwa. Ukianza na skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), kila mmoja atamkumbuka chizi wa kijiji na kujiondoa yeye. Anza na vitu vinne ambavyo kila aliyekaa pale anavyo: usingizi, hamu ya kula, kazi, na kuelewana na watu. Mwenye afya ya akili naye huhuzunika, hukasirika, huogopa. Ila hata katika huzuni hiyo bado analala, anakula, anakwenda shambani, na anakaa na watu kwa kiasi cha kawaida yake. Sisitiza hiyo "kawaida yake". Aliye mkimya tangu utotoni si mgonjwa. Mchangamfu wa kijiweni ambaye ndani ya mwezi amekuwa mkimya, haonekani, shamba limeota majani, huyo ndiye wa kumfuata.

Halafu weka muda. Kwa sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa (depression), tunaangalia wiki mbili: dalili zipo karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, na zinamzuia mtu kufanya mambo yake. Kuna kipimo cha maswali tisa kinachoitwa PHQ-9. Kwa kazi yako ya kuzunguka kaya, mawili ya kwanza yanatosha kuanzia. Ndani ya wiki mbili zilizopita umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Umejisikia huzuni au kukata tamaa? Kila swali lina alama 0 kwa hapana kabisa, 1 kwa siku chache, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, na 3 kwa karibu kila siku. Mawili yakifika jumla ya 3, mpeleke zahanati akaulizwe yote tisa. Yote tisa yana alama 27: kuanzia 10 mtu anahitaji kusaidiwa na mtaalamu, kuanzia 20 hali ni kali. Swali la tisa linauliza kama mtu ana mawazo kwamba bora afe au ajidhuru. Hapo usijumlishe chochote. Alama 1 tu inatosha kumfanyia kazi siku hiyo hiyo.

Kinachoharibu kipimo hiki ni namna ya kuuliza. Ukiyasoma mbiombio kama karani wa sensa, utajibiwa "hapana, hapana, hapana" ili uondoke. Ukimuuliza mwanamume mbele ya mkewe na wanawe, hawezi kukubali kwamba analia usiku. Tafuta kivuli, kaeni wawili, muulize kwanza habari za mvua na mazao.

Na ujue kwamba huku kwetu sonona mara nyingi inakuja kwa mavazi ya mwili. Mtu hasemi "nina huzuni". Anasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mgongo, mwili hauna nguvu, usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Anatibiwa malaria leo, taifodi mwezi ujao, UTI mwezi unaofuata, vipimo vikiwa safi au vya kubahatisha. Ukimwona mtu ana vyeti vitano vya zahanati ndani ya miezi mitatu na hakuna ugonjwa uliothibitishwa, muulize yale maswali mawili.

Sasa vinavyoathiri. Kwa wakulima nadhani baiskeli ya mkaa itakufaa. Ikikatika njiani, watu hubishana kama ni fremu mbovu, mzigo mkubwa au barabara ya makorongo, na kwa kawaida ni vyote kwa pamoja. Fremu imara inabeba magunia matatu. Iliyokwisha kuchomelewa inakatika kwa mawili.

Urithi ni sehemu ya fremu, lakini usiutie chumvi, kwa sababu ndio unaovunja uchumba wa mabinti za watu. Kwa skizofrenia, mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuipata ni karibu asilimia 10. Geuza hesabu uwape hivi: watoto tisa kati ya kumi wa mgonjwa hawaipati. Hata mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake haugui zaidi ya nusu ya mara. Maana yake damu peke yake haitoshi.

Utoto nao umo. Kupigwa mara kwa mara, kubakwa, kufiwa na wazazi wote, njaa ya muda mrefu, kuona mama anapigwa: haya yanaubadilisha mwili unavyoitikia hofu, na mtu anakua nayo hadi utu uzima. Magonjwa haya huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18, ingawa mengi hayagunduliwi. Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita aliyekuwa wa kumi bora na sasa hata madaftari hafungui, mwalimu asikimbilie fimbo. Namba ya bure ya watoto ni 116, waambie.

Wanawake wanapata sonona karibu mara mbili ya wanaume. Wanaume ndio wengi zaidi wanaokufa kwa kujiua. Hili la pili liseme taratibu, mbele ya wanaume wenyewe, kwa sababu wao ndio hawaji kliniki.

Kuhusu mama aliyejifungua, tenga dakika tano nzima. Kulialia na kuchoka siku ya tatu hadi ya tano ni kawaida, na kunaisha ndani ya wiki mbili kwa kusaidiwa kazi na kulala. Kusipoisha, mama akaona mtoto ni mzigo, akala kidogo, akajilaumu, hiyo ni sonona ya uzazi. Kliniki ya mtoto ndiyo pa kuisemea maana anakwenda kwa chanjo hata hivyo. Cha tatu ni kile wanachokiita kichaa cha uzazi: ndani ya siku chache hadi wiki mbili halali kabisa, anaongea yasiyoeleweka, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au ana shetani. Kinapata mama mmoja au wawili kati ya 1,000. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo. Mtoto asiachwe naye peke yake, na mama apelekwe hospitali usiku huo huo hata kama ni kwa bodaboda akiwa katikati ya watu wawili. Kinatibika vizuri sana, ndiyo maana kumpoteza mama au mtoto kwa kuchelewa kunaniuma.

---

BwanaShamba_Kaliua

Nakubaliana na Nesi kwa sehemu kubwa, ila kwenye mkutano wa tumbaku huwezi kuliacha zao lenyewe nje. Mambo matatu ya shamba yanaingia kichwani moja kwa moja.

La kwanza ni jani bichi. Anayechuma tumbaku ikiwa na umande au baada ya mvua, nikotini inayeyuka kwenye maji ya jani na kupenya ngozi. Jioni ana kichefuchefu, anatapika, kichwa kinauma, ana kizunguzungu, na usiku halali. Watu wanasema malaria, au wanasema kaharibiwa tumbo. Dawa yake ni kusubiri umande ukauke, kuvaa mikono mirefu na glovu, mvua ikinyesha kuvaa koti la plastiki, kubadili nguo iliyolowa papo hapo na kuoga kwa sabuni ukitoka. Watoto wasichume kabisa. Miili yao midogo inalemewa haraka.

La pili ni bani, lile jengo la kukaushia tumbaku kwa moto. Kukausha bani moja kunachukua siku tano hadi saba hivi na moto hauruhusiwi kushuka, kwa sababu joto likiyumba jani linageuka rangi na daraja linaanguka. Mtu mmoja akikesha siku zote hizo, halafu bani la pili likafuata, ana wiki mbili za kulala vipande vipande. Hasira za nyumbani za mwezi wa tatu zina asili hapo. Pangeni zamu: mmoja anakesha hadi saa nane usiku, mwingine anashika hadi asubuhi. Kulala saa tano au sita mfululizo ni tofauti kabisa na kulala saa sita za kuamkaamka.

La tatu ni viuatilifu. Mwenye kupulizia bila barakoa anaweza kupata jasho jingi, mate, tumbo kukata, mboni za macho kuwa ndogo na kuchanganyikiwa. Huyo ni mgonjwa wa sumu. Mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke na kopo lenye lebo ili daktari ajue ni dawa gani.

Na kuhusu madeni aliyoyataja MwanaUrambo, Nesi umeyaruka. Mkulima anachukua mbolea na dawa kwa mkopo mwezi wa tisa, anakatwa kwenye mauzo kuanzia mwezi wa nne au wa tano. Miezi nane anabeba deni asilolijua kiasi chake. Hapo ndipo mawazo yanapoanzia.

---

NesiAkili_TBR

Bwana Shamba, deni nalikubali, tena sana. Ninachokataa ni kuliacha liwe jibu la kila kitu. Mtu anayesikia sauti zinamwamrisha, ukilipa deni lake lote leo, kesho bado anazisikia. Na wapo wenye ng'ombe mia wanaougua sonona bila deni lolote. Tukisema ni madeni, hao wataambiwa wanajidekeza.

---

Mfamasia_Nzega

Naongeza upande wa mwili na dawa, maana huko ndiko mambo yanakoharibika kimyakimya.

Mtu mzima akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku moja mbili, mara anakujua mara hakujui, ana homa au anaona vitu ukutani, msimpeleke kwa mganga wala kanisani kwanza. Hiyo mara nyingi ni ubongo unaoumwa na kitu cha mwili: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka, maambukizi. Vipimo viwili vinavyofanyika kwa dakika chache, cha malaria na cha sukari, vinaokoa maisha. Ugonjwa wa akili wenyewe kwa kawaida hujijenga kwa wiki na miezi, na hauleti homa. Upungufu mkubwa wa damu, tezi la shingo, VVU na kaswende iliyokaa miaka navyo vinaweza kujionyesha kama sonona au kichaa, ndiyo maana mgonjwa mpya huchukuliwa damu. Hata isoniazidi, ile dawa ya kukinga kifua kikuu, kwa watu wachache huvuruga akili. Mtu akianza kubadilika akiwa kwenye dozi, arudi kliniki aseme.

Pombe. Anayekunywa kila siku miaka mingi, gongo au pombe ya kienyeji, asiache ghafla kwa sababu amesikia mahubiri mazuri. Ndani ya saa 6 hadi 24 anaanza kutetemeka na kutokwa jasho. Degedege la pombe linaweza kumshika ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili hadi ya nne wengine huingia kwenye hali ya kuona wadudu na watu wasiokuwepo, moyo ukienda mbio na mwili ukichemka, na hali hiyo huua isipotibiwa. Aachishwe chini ya uangalizi. Hospitalini atapewa diazepamu kwa kupunguza kidogo kidogo na vitamini B1, na hiyo B1 itangulie kabla ya dripu ya sukari.

Bangi: wavutaji wengi hawapati kichaa, lakini kadiri mtu anavyoanza mapema, anavyovuta kila siku na anavyovuta kali, uwezekano wa kuugua unapanda, hasa kama ukoo una ugonjwa huo. Waambieni vijana hivyo hivyo. Ukiwaambia "bangi inatia kichaa kila mtu" watamtaja mvutaji mzima wa afya na utakuwa umeshindwa.

Dawa za sonona zinazopatikana zaidi huku ni amitriptilini na fluoksetini. Zote mbili hazifanyi kazi siku ya kwanza; zipeni wiki mbili hadi nne kuona nafuu, wakati mwingine sita. Madhara ndiyo yanayotangulia. Amitriptilini inakausha mdomo, inafunga choo na kuleta usingizi, kwa hiyo inanywewa usiku. Fluoksetini inanywewa asubuhi, na siku za mwanzo inaweza kuongeza wasiwasi. Watu huacha katika wiki hiyo hiyo ya pili, wakisema dawa imewadhuru. Wengine huacha wakipata nafuu mwezi wa tatu, sonona inarudi. Kaa nayo angalau miezi tisa baada ya kupona, kisha daktari apunguze polepole.

Kwa wagonjwa wa skizofrenia kuna jambo moja naomba ulikariri. Haloperidoli, na sindano za mwezi pia, zinaweza kukaza misuli siku chache za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume. Shingo inapinda upande, macho yanageukia juu, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Familia ikiona hivyo inasema jini limepanda, dawa ya hospitali imelichokoza, na mgonjwa harudi tena. Ni madhara ya dawa yanayojulikana kabisa. Arudishwe zahanati, kwa sindano au kidonge cha benzheksoli shingo inanyooka, na daktari anarekebisha dozi. Familia ikiambiwa hili kabla ya kidonge cha kwanza, wengi wanabaki kwenye matibabu.

---

Kibirizi_Mwaloni

Tabibu, Kigoma. Hapa kwetu nitasema juu ya usingizi tu.

Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika. Mvuvi anakesha ziwani usiku baada ya usiku, mchana analala kwenye kelele za mwalo, halafu mwezi ukijaa anarudi kulala kama watu wengine, kisha anageuza tena. Mwenye asili ya baipola, ugonjwa wa kupanda na kuporomoka kwa hisia, hawezi mchezo huo. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kumpandisha: haoni uchovu, anaongea bila kituo, anagawa pesa, ananunua injini asiyo na uwezo nayo, anataka kuoa leo leo. Hali hiyo ikifika wiki nzima, au ikihitaji kulazwa kabla ya hapo, tayari ni ugonjwa, na baadaye ataporomoka kwenye sonona nzito. Mtu akikuambia ugonjwa wa fulani unafuata mwezi, muulize kwanza huyo fulani analala saa ngapi na lini. Kumhamishia kazi ya mchana, kuanika au kuuza, ni sehemu ya matibabu yake kama vidonge vilivyo.

Kosa la kitabibu linaloonekana hapa: mtu wa namna hiyo akija akiwa ameporomoka, anaandikiwa dawa ya sonona peke yake, na inamrusha juu tena. Muulizeni kila mwenye sonona kama amewahi kuwa na siku za furaha na nguvu kupita kiasi bila kulala. Na mwanamke wa umri wa kuzaa asianzishiwe valproeti, mojawapo ya dawa za baipola, kama ipo njia nyingine. Inaharibu mtoto tumboni. Karbamazepini, dawa nyingine ya aina hiyo, inapunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, kwa hiyo aambiwe kabla.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane, mwaloni kipato kilikatika kwa siku moja. Kazi ya mtu ikisimama hivyo, ratiba ya siku inasimama nayo: hakuna saa ya kuamka wala wa kumngoja. Hata bila pesa, saa ya kuamka isibadilike na iwepo shughuli moja ya kutoka nje ya nyumba kila siku. Hilo linafaa pia kwa tumbaku, miezi ya kati ambapo hakuna kazi.

Na huku mpakani tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996. WHO inakadiria kuwa katika maeneo yaliyopitiwa na vita ndani ya miaka kumi, karibu mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la akili. Aliyekimbia vita akishtuka kwa mlio wa bati, msimcheke.

---

MwanaUrambo

Wakuu nimeshukuru sana, nanukuu kila kitu. Nabakiwa na mawili magumu. Zipo kaya zinazomfunga kijana kamba au mnyororo, na mzee wa ukoo akisema ni mizimu, mimi kijana nitabishaje? La pili, mtu akionyesha kutaka kujiua, naogopa nikimuuliza waziwazi nitamtia wazo hilo.

---

Ustawi_Kasulu

Usibishane juu ya mizimu. Hutashinda, na utafunga mlango. Mwambie mzee: "Mambo ya ukoo mnayajua ninyi, mimi naomba mwili na usingizi wake vitazamwe na hospitali." Mzee akipewa nafasi ya kuruhusu, huruhusu. Omba masharti matatu tu kwa upande wa tiba ya jadi au maombi: asipigwe, asinyimwe chakula na maji, wala asiachishwe vidonge. Dawa za kunywa za mitishamba waseme ni zipi, daktari ajue.

Kamba mara nyingi imetokana na woga na uchovu, wala si ukatili. Uliza walianza kumfunga lini na kwa tukio gani: alichoma nyumba? anatoroka usiku? Kila sababu ina jibu lake. Anayetoroka apangiwe watu wa zamu. Aliyekuwa mkali hutulia kwa dawa ndani ya siku au wiki. Mpangeni kumfungua siku ile ile anapoanza tiba. Kagua vifundo vya mikono na miguu; kamba ya katani inakata nyama na kidonda kinaoza, na huenda akahitaji chanjo ya pepopunda. Akiwa hatari sana na hakubali kwenda, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inayoruhusu apelekwe kutibiwa bila ridhaa yake kwa utaratibu; mwone ofisa ustawi wa wilaya na mtendaji, msijichukulie wenyewe na vijana wa mtaa. Rufaa kwenu itapita zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora. Kwetu Kigoma ni Maweni. Wanaoshindikana hupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, lakini ni wachache. Wengi hutibiwa hapo hapo wilayani. Gharama zikiwatisha, waulize dirisha la ustawi wa jamii hospitalini kuhusu msamaha kabla hawajauza shamba.

Kuhusu mawazo ya madeni, ipo njia ambayo haihitaji daktari. Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za waliohudumiwa zilipungua kweli. Hatua zake unaweza kuzifanya wewe. Mtu ataje matatizo yake yote bila kukatizwa. Achague moja, asichaguliwe. Mtaje njia zote za kulishughulikia, hata za kipuuzi. Achague moja, iwe ndogo ya kufanyika wiki hii, na aseme ni siku gani, saa ngapi, nani atamsindikiza. Wiki ijayo mnakutana tena, mnaangalia ilikwamia wapi. "Deni" ni kubwa mno kuwa hatua. "Alhamisi niende kwa katibu wa chama na daftari langu, nipewe kwa maandishi mbolea mifuko mingapi na makato kiasi gani," hiyo ni hatua. Wengi wakijua kiasi halisi, usingizi unaanza kurudi hata kabla ya kulipa. Ukimpa ushauri wako tayari umepikwa, atakubali kwa heshima na hatafanya.

---

NesiAkili_TBR

La pili nalijibu mimi. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Anayelibeba wazo hilo hupumua akipata wa kumwambia. Uliza kwa hatua, kwa sauti ya kawaida: "Mambo haya yamekufikisha mahali pa kuona bora usingekuwepo?" Akikubali: "Umefikiria kujiua?" Akikubali: "Umepanga namna? Kitu chenyewe kiko karibu? Umewahi kujaribu?" Mwenye mpango na kitu mkononi asibaki peke yake hata dakika moja, na aondoke kwenda hospitali leo akiwa na mtu. Usimwambie ni dhambi, usimwambie afikirie wanawe. Anawafikiria tayari, na anaamini watapumzika akiondoka. Usiahidi kumtunzia siri hii.

Kisha ondoa vitu. Nguvu ya kutaka kufa hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya saa chache, na anayekuta mlango umefungwa katika saa hizo wengi wao huishi. Katika kaya za tumbaku, viuatilifu ndivyo vya kuanza navyo: visikae chini ya kitanda wala jikoni. Viwekwe kwenye sanduku la kufuli nje ya nyumba ya kulala, ufunguo kwa mtu mwingine, au bora zaidi kwenye ghala la chama, mkulima akichukua kiasi cha kupulizia siku hiyo tu. Hili lipendekeze hapo hapo mkutanoni, viongozi wa chama wakiwepo, maana wao ndio wenye ghala. Vidonge vya amitriptilini navyo ni hatari vikinywewa vingi kwa mara moja; omba dozi ya wiki moja moja na vishikwe na ndugu.

Aliyeruhusiwa kutoka wodini, wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi na miezi mitatu inayofuata bado si salama. Siku anapolazwa omba ujulishwe tarehe ya kutoka kwake, mtembelee ndani ya siku tatu, na ukifika muulize swali lile lile tena kwa maneno yale yale.